Chupa ya Chini

Naapa mbele ya wasomaji wote, wale wa mtaa wetu wa Lumumba na hata wale wanaofungia karanga gazeti hili sokoni: leo hakuna chumvi hata punje. Najua sifa yangu. Najua kuna watu wanaosema mzee Mbusa akikwambia mvua inanyesha, toa mkono dirishani kwanza. Sawa. Safari hii msiniamini mimi, liaminini paji langu la uso. Anayebisha aje nyumbani, nitainama, aone mwenyewe alama ya kamba.

Walionisoma juma lililopita waliniacha nimefukuzwa kwenye ushonaji kwa ajili ya ile suruali ya mwalimu mkuu yenye miguu mitatu. Nikaingia ofisi ya usafi wa mji, nikadanganya kwamba nimesoma kitabu kizima juu ya maji.

Kitabu nilikuwa nacho kweli. Hakikuwa na jalada, na kurasa za katikati zilikuwa zimeshafungia maandazi. Lakini zilizobaki nilizijua kwa moyo. Mkubwa wa ofisi aliponiuliza maji ni nini, nilimjibu kwa Kifaransa dakika kumi bila kuvuta pumzi. Akachoka, akanipa kazi.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nane. Mkubwa huyo alibatizwa Adrien, lakini miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Kwa hiyo mchana tulimwita Citoyen, yaani mwananchi, na mbele ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tulimwita Adrien.

"Citoyen Mbusa, kazi yako iko mwepesi," aliniambia. "Kila lundi asubuhi, chupa mbili. Moja unajaza kule juu, ku chemchem, mbele maji ifike ku parki ya makala. Ingine unajaza chini ya parki, fasi bamama wanafulia. Unaandika JUU, unaandika CHINI, unaleta hapa. Labo ya hopitali itatuambia kama ile makala inaharibu maji."

"Na kama inaharibu?"

"Basi parki inahama. Kama haiharibu, ninatia sinyatiri, inabakia pale miaka tano. Lundi nane, halafu tunakata maneno."

Parki yenyewe, uwanja wa makaa, au makala kama tunavyoyaita, ilikuwa ya bwana mmoja aitwaye Paluku. Malori yalishuka kutoka njia ya Djugu na makaa, yakamwaga, vibarua wakachekecha, wakajaza magunia mapya, wakapakia kwenye malori makubwa zaidi. Magunia ya zamani na turubai zilioshwa kijitoni. Oili chafu ya mota nayo ilijua njia ya kwenda kijitoni bila kuonyeshwa.

Na chini ya parki, hatua mia mbili tu, alikaa Mama Léontine, mama wa mke wangu.

Mama Léontine aliishi kwa muhogo. Aliuloweka siku tatu kwenye mashimo kando ya maji hadi uchungu utoke, akauanika, akautwanga, akauza unga sokoni. Unga wake ulikuwa mweupe kiasi kwamba siku moja padri aliuona umeanikwa akavua kofia. Sawa, hiyo ya padri niacheni nayo. Unga ulikuwa mweupe.

Lundi ya kwanza, yaani Jumatatu, nilijaza chupa ya JUU, nikashuka na baiskeli yangu nikipiga mluzi. Nikafika chini, nikatenganisha matete.

Sitasema nilichoona. Nitasema tu kwamba mama mkwe alikuwa anaoga, na Mungu ni mwema, kisogo ndicho kilichokuwa upande wangu.

Mimi nililelewa hivi: ukikutana na mama mkwe kwenye njia nyembamba, unaingia porini hadi apite. Humtazami machoni. Huli mbele yake. Na yeye vilevile, akikuona anajifunika kitenge na kugeukia pembeni. Sasa hapo unataka nimkute majini?

Nilirudi kinyumenyume na baiskeli begani, mlima mzima. Mbuzi wa upande ule hadi leo wakiona baiskeli wanatembea nyuma.

Nilipofika kwenye chemchemi, chupa ya pili ilikuwa bado tupu. Nikaitazama. Nikayatazama maji. Maji ni maji, nikajisemea, haya ya juu si ndiyo yanayoteremka? Nikaijaza palepale. Nikaandika CHINI kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu hiyo ya kwanza ilikuwa haya, sikatai. Ya pili ilikuwa nusu haya, nusu uvivu wa mlima. Kuanzia ya tatu ilikuwa Madeleine, mama mmoja aliyeuza kasiksi karibu na chemchemi. Kasiksi ya Jumatatu ni ile iliyobaki Jumapili, imekomaa, na haina foleni.

Majibu ya labo yakaanza kutoka. Juu, maji mazuri. Chini, maji mazuri. Adrien akasugua mikono. Paluku, ambaye sikuwahi kusema naye neno, akanipungia mkono barabarani kama ndugu.

Siku moja nikakuta gunia la makaa mlangoni kwangu. Sikuliomba. Lakini sikulirudisha. Jumatatu iliyofuata likaja lingine.

Jioni moja mke wangu Emérance alikuwa ameinama kwenye mbabula, jiko letu la makaa, anapepea.

"Baba Masika, muhogo ya mama imetoka mweusi tena."

"Kuna mara muhogo inapata ugonjwa."

"Ugonjwa ya kunuka mazout ya malori?"

Nikatazama sahani yangu.

"Amerudisha vitunga viwili kutoka soko," akasema. "Wanamucheka. Wanamuuliza kama anauza bugali ao anauza lami. Na mikono yake inapasuka. Weye ndiye unapima maji. Maji iko namna gani?"

"Labo inasema iko muzuri."

"Minakuuliza weye. Siulizi labo."

"Emérance, mambo ya labo iko mu Kifaransa."

Aliendelea kupepea. Makaa ya Paluku yaliwaka vizuri, bila moshi.

Mama Léontine akaenda kushtaki ofisini. Adrien akamfungulia faili, akamwonyesha majibu ya labo, na kumsomea chini yake jina la aliyechota: Mbusa. Wanasema alilitazama jina lile muda mrefu, ingawa hajui kusoma. Akauliza tu, "Ni mukwe yangu aliandika hii?" Akaambiwa ndiyo. Akajifunga kitenge, akatoka.

Karibu na wakati huo nilianza kuona gunia la muhogo limezamishwa kule kwenye chemchemi, limefungwa kwa kamba kwenye jiwe. Mwanamume anaona gunia la muhogo majini kama anavyoona jiwe lenyewe. Sikuuliza ni la nani. Nilichuchumaa hatua mbili chini yake, nikajaza chupa zangu mbili, nikaenda kwa Madeleine.

Jumatatu ya nane ikapita. Jumatano tukaitwa ofisini kukata maneno.

Adrien alikuwa nyuma ya meza, karatasi ya kusaini mbele yake. Paluku alikuwa amevaa kofia mpya. Muuguzi Suzanne wa labo alikuja na chupa zangu za mwisho kwenye kikapu. Na pembeni, kwa kuwa ndiye aliyeshtaki, Mama Léontine.

Aliponiona naingia, alikigeuza kiti akatazama ukuta. Nami nikageuza changu nikatazama ukuta wa pili.

"Nyinyi muko na ugomvi?" Adrien akauliza.

"Hapana, Citoyen," nikajibu. "Ni heshima."

Suzanne akatoa chupa. "Mbele ya sinyatiri, minataka kuuliza kitu. Hizi chupa za lundi zinanuka muhogo."

Adrien akanusa. Paluku akanusa, akacheka.

"Ni bugali," Paluku akasema. "Nani alishakufa na bugali?"

"JUU inanuka muhogo," Suzanne akaendelea. "CHINI inanuka muhogo. Na harufu iko sawasawa."

Nikaona ni zamu ya mtaalamu. "Kijito kinateremuka, dada. Harufu nayo inateremuka."

"Inapita mu makala yote ya Citoyen Paluku, inafika chini muzima?"

Ukurasa wa jibu hilo ndio uliofungia maandazi.

Adrien akamgeukia Mama Léontine. "Mama, kule chini, fasi munafulia, kuna mutu analoweka muhogo?"

"Tangu mvua ya kwanza, hata mumoja. Inatoka mweusi. Ya kwangu niliipandisha ku chemchem."

Paluku akavua kofia, nikaisikia ikizunguka mikononi mwake.

"Citoyen," Mama Léontine akasema, uso bado ukutani, "muambie mukwe yangu kitu moja."

"Anakusikia, Mama."

"Mi simusemeshe. Weye ndiye umuambie. Muambie, lundi mbili nilikuwa kule juu, nachunga muhogo yangu. Nilimuona anakuya na baiskeli. Nikajificha mu matete, sababu ni mukwe. Akajaza chupa ya kwanza. Akajaza ya pili fasi moja. Akaandika. Akaenda kwa Madeleine."

Adrien akanitazama. "Anasema..."

"Nimesikia, Citoyen." Nikatafuta uongo. Mimi, ambaye uongo hunijia kabla ya salamu, nikautafuta kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko uliotoboka. "Muambie Mama, lundi ya kwanza nilifika chini. Nilimukuta anaoga. Nikakimbia."

"Anasema alikukuta..."

"Nimesikia," Mama Léontine akamkata. "Muulize: na lundi saba zingine, mi nilikuwa tu ninaoga?"

Suzanne akajifunika mdomo kwa kiganja. Paluku hakucheka. Alikuwa anaitazama kalamu ya Adrien.

"Muulize Mama," nikasema, sauti imeshuka, "kwa nini hakuniita siku ile, mu matete."

Mama Léontine akakaza kitenge chake.

"Muambie niliona haya kama yeye. Lakini haya yangu ilikula muhogo yangu tu. Haya yake ilikula maji ya watu wote wa chini."

Hapo Adrien aliweka karatasi pembeni.

Akafunga kalamu. Akasema nimpelekee chupa ya kweli ya chini, na juu ya kazi yangu tutaongea baadaye. Jumatano iliyofuata angesaini au angeipasua karatasi. Kisha akamuuliza Mama Léontine anataka mkwe wake alipe nini.

"Kuku moja ya kuondoa haya," akasema, "nimuangalie mu macho. Halafu atabebea bamama wa chini maji kutoka ku chemchem, asubuhi na mangaribi, mpaka kijito isafike."

"Nitasukuma ku baiskeli," nikadakia.

"Muambie," akasema, "na kamba."

Mnajua kamba ninayosema. Ile wanayobebea mama zetu kuni na viazi, mzigo mgongoni, utepe kwenye paji la uso, shingo imekaza kama ya ng'ombe. Mwanamume haibebi. Mwanamume akiibeba, anakuwa hadithi ya soko.

Kesho yake nikapeleka kuku. Mama Léontine akampokea, akamfunga mguu, kisha akageuka.

"Sasa niangalie."

Nilikuwa na miaka kumi na moja katika ndoa na sikuwahi kuona macho yake. Ni macho ya Emérance, yamezeeka tu. Halafu akainua mikono yake miwili, akaifungua mbele ya uso wangu. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye kila kikunjo, na ndani ya mipasuko weusi ulikuwa umeingia, ule usiotoka kwa sabuni.

"Minapika nayo," akasema. "Minakamata nayo watoto wako."

Nikaokota chupa tupu niliyokuja nayo.

Tukashuka pamoja. Alinionyesha mahali, nikazamisha chupa. Ilipojaa nikaiinua: vidole vyangu havikuonekana upande wa pili. Juu kabisa, shingoni mwa chupa, kulikuwa na utando wa oili wenye rangi kama za manyoya ya jogoo.

Nikaandika CHINI, tarehe, jina langu. Mama Léontine akachovya dole gumba kwenye vumbi la makaa, akaligandamiza kwenye karatasi ya chupa kando ya jina. "Na mi nilikuwa," akasema.

Nikaipeleka mwenyewe. Adrien akaifungia kabatini mbele ya macho yangu, hadi Suzanne aje kuichukua Jumanne.

Basi nikaanza kulipa.

Asubuhi ya kwanza Lumumba nzima ilitoka nje kana kwamba kuna harusi. Bidoni la lita ishirini mgongoni, kamba kwenye paji, macho chini. Ukibeba hivyo hugeuzi kichwa; unaona vidole vyako vya miguu na njia, basi.

"Bibi Mbusa," mama mmoja akaniita, "ulituachia mume wako nyumbani?"

"Mumuache," mwingine akasema. "Anafundwa. Mwaka kesho atajua na kutwanga."

Mama Léontine alinifuata nyuma na kibidoni chake kidogo, hatua kumi. Nilidhani ni heshima. Baadaye nikaelewa alikuwa anahakikisha najaza pale nilipoambiwa.

Siku ya tatu shingo ilivimba. Siku ya nne ngozi ya paji ikatoka. Lakini nitawaambia ukweli mwingine, na huu unaniuma zaidi ya ngozi: nyumba za chini zilianza kuniambia asante. Mama Léontine akaloweka muhogo kwenye pipa, kwa maji niliyobeba mimi, na ukatoka mweupe. Nikaanza kutembea kama mtu aliyelipa.

Jumanne, siku moja kabla ya kusaini, nilikuwa nateremka na maji ya asubuhi. Pale mlango wa parki ya makaa, lori lilikuwa linapakiwa, vumbi limesimama hewani. Nikaona viatu viwili vyeupe mbele ya vidole vyangu.

"Citoyen Mbusa," sauti ya Paluku ikasema. "Pumzika kidogo."

Nikainua macho kadiri kamba ilivyoruhusu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda. Juu ya goti lake kulikuwa na chupa.

CHINI. Tarehe. Mwandiko wangu. Na kando yake dole gumba jeusi.

Jinsi ilivyotoka kwenye kabati la Adrien ikafika kwenye goti lile, sikuuliza, na yeye hakusema. Aling'oa kizibo. Akaimwaga taratibu kando ya kigoda chake. Ardhi ile ilikuwa nyeusi tayari, maji hayakuacha hata alama.

"Mi siko mutu mubaya," akasema. "Jina ni yako, chupa ni yako." Akanichomekea mkononi. "Iko wazi sasa. Mbele ya saa sita Suzanne anakuya kuitafuta. Ujaze fasi ile unazoea."

"Na nikijaza chini?"

Paluku akavua kofia, akaipangusa vumbi. Kisha akapandisha sauti, si sana, kiasi tu cha kufika hatua kumi nyuma yangu.

"Makala inawaka muzuri kwako, Citoyen? Mama mukwe yako anajua inatoka kwa nani?"

Vibarua wakaacha kupakia. Maji yalikuwa yanavuja kutoka kwenye kizibo cha bidoni, yananiteremka mgongoni, na kichwa changu sikuweza kukigeuza.

Nyuma yangu nikasikia kile kibidoni kidogo kikitua chini.

"Mukwe," Mama Léontine akasema, mwenyewe, bila kumtuma mtu. "Gunia ngapi?"

Uongo ulikuwa umerudi kabla ya salamu: nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme moja.